Tusiudharau Waya wa Alumini

Kila siku, mchana na usiku, malori yaliyobeba shaba kutoka Zambia na Kongo hupita Mikumi yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo hupita mbele ya nyumba za wananchi na magenge yao, huingia katika barabara inayokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kisha huendelea na safari yake hata ng'ambo ya bahari. Lakini mwananchi wa Mikumi akiinua macho kutazama nguzo ya umeme iliyo karibu na mlango wake, haoni shaba. Anaona waya wa rangi ya fedha iliyofifia, nao ni waya wa alumini.

Kwa hiyo si ajabu kumsikia mtu akiuliza: kwa nini metali bora inapita barabarani kwenda kwa wenye nacho, na sisi tunafungiwa metali ya masufuria? Swali hili linastahili kujibiwa, wala halifai kupuuzwa na yeyote aliyepewa dhamana ya kuwatumikia wananchi. Mtu wa kijijini ambaye baba yake na babu yake walikaa gizani miaka yote ya ukoloni, naye mwenyewe akangoja miaka mingi baada ya Uhuru, ana haki ya kujua kama kitu alicholetewa ni kitu kamili au ni makombo.

Sisi tunasema kwa uhakika kwamba waya wa alumini si makombo. Mkulima wa Zombo anapata umeme kwa metali ile ile inayotumika katika njia kubwa za umeme za mataifa yenye utajiri mwingi kuliko wetu. Hata hivyo, hatutaki jibu hilo liwe mto wa kulalia. Alumini ni metali yenye masharti yake. Masharti hayo yakivunjwa, mwananchi atakuwa amepunjwa kweli, na lawama haitakuwa ya metali bali ya watu. Leo tunapenda kuyaeleza mambo haya, ili wanachama na wafanyakazi wayajue na waweze kuuliza maswali yanayostahili mahali panapostahili.

Tuanze na sifa za metali zenyewe. Ni kweli kwamba shaba hupitisha umeme vizuri kuliko alumini. Tukichukua nyaya mbili zenye unene mmoja na urefu mmoja, wa alumini utakuwa na uwezo wa kupitisha umeme wa kiasi cha asilimia 61 tu ya ule wa shaba. Mtu akiishia hapo atasema kwamba shaba imeshinda. Lakini waya wa hewani una kazi mbili. Kwanza lazima upitishe umeme. Pili lazima ujibebe wenyewe kutoka nguzo hadi nguzo, mchana na usiku, katika jua na upepo, kwa muda wa miaka mingi. Katika kazi hiyo ya pili uzito ndio huamua.

Kipande cha shaba chenye ujazo wa lita moja kina uzito wa kilo karibu 9. Kipande cha alumini cha ujazo huo kina kilo 2.7 tu. Basi tukiufanya waya wa alumini uwe mnene zaidi, hata ulingane na wa shaba katika kupitisha umeme, bado uzito wake utakuwa karibu nusu. Kwa mfano, waya wa alumini wenye eneo la milimita za mraba 100 una kilo kama 270 kwa kila kilometa. Waya wa shaba wa kufanya kazi ile ile ungekuwa na kilo kama 550. Na kwa kuwa katika miaka ya karibuni bei ya tani ya shaba katika soko la dunia imekuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya tani ya alumini, gharama ya metali peke yake huwa haifiki moja ya sita.

Hesabu hiyo si ya wenye maduka tu. Ni hesabu ya vijiji. Kwa fedha zinazotosha kununua shaba ya kilometa moja, wananchi wa kilometa sita wanaweza kununuliwa alumini. Waya mwepesi haulazimishi nguzo kuwekwa karibu karibu, wala hauhitaji nguzo nene kupita kiasi. Nguzo nyingi za miti zinazotumika nchini hutoka katika misitu ya nyanda za juu za Iringa na Njombe, nazo hupita Mikumi juu ya malori. Kila nguzo inayookolewa kwa sababu ya wepesi wa waya ni nguzo inayoweza kusimamishwa katika kitongoji kingine. Mwaka 2005 Taifa lilitunga Sheria ya Nishati Vijijini iliyouzaa Wakala wa Nishati Vijijini, na sasa Serikali imetangaza kwamba umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kama kazi hiyo ingefanywa kwa shaba, ni dhahiri kwamba wengi wangekuwa bado wanangoja zamu yao.

Pengine mtu atauliza: alumini ni laini, mbona haikatiki? Swali hilo lina akili, na jibu lake limo ndani ya waya wenyewe. Waya unaotumika sana katika njia za umeme umesokotwa kama kamba. Katikati mna uzi wa chuma cha pua kigumu uliopakwa zinki ili usipate kutu, na kuuzunguka zimesokotwa nyuzi za alumini. Chuma hubeba mzigo, na alumini hupitisha umeme. Mafundi wa Kiingereza walizipa nyaya hizi majina ya wanyama. Ule wenye eneo la alumini la milimita za mraba 50, wenye uzi mmoja wa chuma na sita za alumini, huitwa Sungura. Ule wa milimita za mraba 100 huitwa Mbwa. Wafanyakazi wa laini wanayajua majina hayo, na wananchi nao hawana sababu ya kutoyajua, kwa maana tofauti ya Sungura na Mbwa ni jambo tutakalolirudia.

Chuma hicho cha katikati kina faida kubwa katika nchi kama ya Kilosa. Bonde la Mkondoa lina historia ya mafuriko. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo uliacha njia yake, ukabomoa nyumba za watu na kuichukua reli ya kati. Mahali pa namna hiyo haifai kusimamisha nguzo katika mchanga wa kingo za mto. Hekima ni kuzisimamisha mbali, juu ya ardhi imara, na kuuvusha waya kwa mruko mmoja mrefu. Mruko mrefu hauwezi kufanywa na waya wa alumini tupu. Huo ni mruko wa waya wenye uti wa mgongo wa chuma. Ni hivyo hivyo katika miteremko ya milima ya Ukaguru na Rubeho, ambako nguzo moja huwa juu ya kilima na ya pili ng'ambo ya korongo.

Wenzetu wa pwani wana shida nyingine. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo chumvi hupenya mpaka kwenye chuma cha ndani na kukila. Kwa sababu hiyo, karibu na bahari inafaa zaidi kutumia waya uliotengenezwa wote kwa alumini iliyochanganywa na magnesi na silikoni kidogo, ambayo ni ngumu kuliko alumini tupu na haina chuma cha kuota kutu. Tunalitaja jambo hili kuonyesha kwamba hakuna waya mmoja ulio bora kila mahali. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na walisema kweli kwa mtu anayetafuta kisingizio cha kukaa kivulini. Lakini fundi asiyechagua metali kwa kufuata mahali pa kazi hana sifa ya ufundi.

Huko Mikumi kuna jambo lingine la kutazamwa. Metali zote hurefuka zikipata joto, ila hazirefuki sawasawa. Waya wa alumini wa mita 100, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka kiasi cha sentimita 7. Wa shaba hurefuka sentimita 5, na wa chuma karibu sentimita 3 na nusu. Waya unaporefuka, hulegea na kushuka katikati ya nguzo mbili. Chuma cha ndani husaidia kuuzuia, lakini hakiwezi kuuondolea tabia yake. Saa za jua kali, waya ukiwa pia umebeba umeme mwingi, ndipo unaposhuka zaidi.

Sasa ikumbukwe kwamba hii ni nchi ya twiga, na twiga dume huweza kufikia urefu wa mita 5 na zaidi. Ni nchi ya tembo ambaye hujikuna kwenye nguzo kama anavyojikuna kwenye mti. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ni mali ya Taifa, nayo haina ukuta wa kuwazuia wanyama wasifike vijijini. Kwa hiyo anayefunga waya huko hana budi kuhesabu ulegevu wa saa nane mchana, wala si ule wa asubuhi ya baridi aliyofungia. Akikosea, mnyama atakufa, kijiji kitaingia gizani, na pengine mtoto aliyekwenda kutazama atapoteza maisha.

Je, shaba haina kazi tena? Ina kazi, tena kubwa. Agosti 1, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ni kituo kimojawapo cha reli hiyo. Juu ya reli, waya unaogusana na mkono wa treni ni wa shaba, ambayo kwa kazi hiyo huchanganywa na metali nyingine kidogo ili iwe ngumu. Alumini haiwezi kazi hiyo. Mkono wa treni husugua waya kwa nguvu na kwa kasi, na alumini ingelika upesi mno. Vilevile waya unaotoka kwenye transfoma kwenda ardhini hutengenezwa kwa shaba, kwa sababu alumini ikizikwa katika udongo wenye unyevu huliwa haraka. Na ndani ya transfoma nyingi, na ndani ya mota za mashine za kusaga, mna shaba iliyozungushwa mara nyingi mahali padogo, pasipotosha unene wa alumini.

Kwa ufupi, alumini imewekwa hewani ambako nafasi ni tele na uzito ni adui. Shaba imewekwa mahali penye msuguano, penye udongo na penye nafasi finyu. Kilosa ina metali zote mbili, kila moja katika kazi yake. Hakuna aliyepewa bora wala aliyepewa duni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye masharti ya alumini tuliyoyataja mwanzo.

Sharti la kwanza ni unene. Tumesema kwamba alumini hulingana na shaba ikiwa tu imefanywa kuwa nene zaidi. Anayeondoa shaba akaweka alumini ya unene ule ule hakubadilisha metali, bali amempunja mwananchi. Hatari ni ile ile pale panapowekwa Sungura mahali palipostahili Mbwa. Siku ya kuwasha umeme hakuna atakayeitambua tofauti. Taa zitawaka, ngoma zitapigwa, na hotuba zitatolewa. Lakini mwaka wa pili au wa tatu, kitongoji cha jirani kitaunganishwa kwenye laini ile ile. Atakuja mwenye mashine ya kusaga, kisha mwenye karakana ya kuchomelea, kisha mwenye friji ya samaki. Umeme unaopita katika waya ukiongezeka mara mbili, umeme unaopotea njiani kwa kuwa joto huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, upotevu ni mara tisa. Matokeo yake wananchi wa mwisho wa laini huona taa zikiwa nyekundu kama makaa saa za jioni, na mota ya mashine ikinguruma bila kuzunguka mpaka iungue.

Jambo hili ni kubwa hasa sasa, wakati umeme ukitolewa vijijini kwenda vitongojini. Laini iliyopimwa kwa ajili ya kijiji kimoja inaongezwa urefu kwenda kwingine na kwingine. Katika njia ya kutoka Kilosa kupitia Ulaya na Zombo hadi Mikumi, na upande wa Kimamba na Rudewa kwenye mashamba ya mkonge, watu wanaongezeka na kazi zinaongezeka. Yatupasa kupima waya kwa mahitaji ya miaka 20 ijayo. Fedha inayookolewa kwa kununua waya mwembamba haikuokolewa hata kidogo. Itachomwa hewani kidogo kidogo kila jioni, na umeme unaopotea ni ule uliofuliwa kwa jasho la wafanyakazi wa Kidatu na wa Bwawa la Julius Nyerere. Rahisi ni ghali.

Sharti la pili ni viungo. Fundi yeyote atakwambia kwamba waya haukatiki katikati mara nyingi kama unavyoharibika kwenye maungio. Alumini ikikaa hewani hujifunika mara moja kwa utando mwembamba usiopitisha umeme. Utando huo huilinda metali, lakini kwenye kiungo ni kizuizi. Fundi asipousugua kwa brashi, asipopaka grisi yake na asipokaza kiungo kwa nguvu iliyoagizwa, kiungo kitapata joto, kitalegea, kitapata joto zaidi, na mwisho kitaungua.

Mambo huwa mabaya zaidi pale alumini inapofungwa moja kwa moja na shaba. Metali hizo mbili zikikutana penye unyevu hugeuka kuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana vipo viungio maalumu vya metali mbili, vyenye upande wa alumini na upande wa shaba vilivyounganishwa kiwandani. Na ndiyo maana, pale metali hizo zinapokuwa jirani, alumini huwekwa juu na shaba chini, ili maji ya mvua yanayotoka kwenye shaba yasiidondokee alumini. Ni vitu vidogo. Kiungio kimoja ni kitu cha kujaa kiganjani. Lakini fundi anayekosa kiungio hicho stoo, akasokota shaba na alumini kwa koleo ili amalize kazi kabla ya jua kutua, ameacha juu ya vichwa vya watu waya utakaoanguka siku ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa hatuwalaumu mafundi peke yao. Fundi hufanya kazi kwa vifaa alivyopewa. Mkubwa anayemtuma mfanyakazi juu ya nguzo bila viungio, bila grisi na bila roda za kuvutia waya, naye akalazimika kuuburuta juu ya mawe mpaka nyuzi zikachubuka, hana haki ya kumkemea mfanyakazi huyo laini inapokatika. Vyama vya wafanyakazi vinafanya vyema kudai mishahara na usalama. Tunaviomba viongeze katika madai hayo vifaa sahihi vya kazi, kwa sababu heshima ya mfanyakazi imo katika kazi iliyofanywa sawasawa. Nao vijana wanaojifunza ufundi, wakiwemo wale wa chuo cha VETA kilichopo Mikumi, wafundishwe kiungo cha alumini kwa mikono yao mpaka wakizoee.

Sharti la tatu ni ulinzi. Alumini ina sifa moja ambayo haiandikwi sana katika vitabu vya uhandisi: haimvutii mwizi kama shaba. Hiyo nayo ni sababu njema ya kuiweka hewani. Lakini shaba iliyobaki, yaani ile ya reli, ya transfoma na ya waya wa ardhini, inawindwa. Kumesikika habari za watu kufikishwa mahakamani kwa tuhuma za wizi wa nyaya za reli ya umeme. Na kila mahali penye transfoma, waya wa ardhini hutazamwa na wenye tamaa kama mali isiyo na mwenyewe.

Tunapenda kila mwanachama afahamu waya huo ni wa nini. Radi ikipiga, au hitilafu ikitokea, umeme uliokosa njia hupitishwa na waya huo kwenda ardhini. Ukiisha kukatwa, taa za kijiji zitaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo ulipo ubaya wake. Siku hitilafu itakapotokea, umeme utatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mwili wa mama aliyeshika bomba la maji au mtoto aliyegusa mlango wa bati. Anayekata mita mbili za shaba ili akauze kilo moja amewatega wenzake mtego usioonekana. Huyo si mwizi wa waya tu.

Mwizi huyo hangeiba kama hangekuwa na mnunuzi. Biashara ya vyuma chakavu ni biashara halali, tena yenye manufaa, kwa kuwa kuyeyusha alumini kuukuu huhitaji kiasi cha asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa katika madini yake. Lakini mnunuzi anayepokea nyaya zilizochomwa ganda usiku, bila kuuliza zimetoka wapi, ni mnyonyaji anayeishi kwa hasara ya umma. Mabalozi wa mashina wanawajua watu wao. Wanajua nani ana mzani wa vyuma chakavu, na nani ghafla amepata shaba bila kuwa na karakana. Hatuwaombi wajichukulie sheria mkononi, jambo ambalo ni kosa nalo. Tunawaomba watoe habari mapema kwa vyombo vya dola. Nazo nyaya kuukuu zinazoshushwa katika matengenezo zirudishwe stoo, zipimwe, ziandikwe, na ziuzwe kwa njia inayojulikana. Waya ukishuka kutoka kwenye nguzo haujaacha kuwa mali ya umma.

Kabla ya kumaliza, tunapenda kugusa jambo moja pana zaidi. Afrika imejaliwa shaba nyingi, na sehemu kubwa yake inatoka nje kama metali ghafi na kurudi kama mashine na nyaya. Alumini nayo ni mtoto wa umeme, maana kutengeneza kilo moja huhitaji kiasi cha uniti 14 za umeme. Ndiyo maana Ghana, baada ya bwawa la Akosombo kuzinduliwa 1966, iliunganisha umeme huo na kiwanda cha kuyeyusha alumini kilichoanza kazi 1967. Na Msumbiji ikafungua kiwanda cha Mozal mwaka 2000. Viwanda hivyo vilileta kazi, lakini pia vilifundisha somo kwamba kiwanda kimoja cha namna hiyo huweza kumeza umeme unaotosha miji mizima, na kwamba bei ya umeme huo ni mvutano usiokwisha kati ya Taifa na wenye mitaji. Bwawa letu la Julius Nyerere lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115 limetupa nguvu ambayo hatukuwa nayo. Hatusemi tukimbilie kuyeyusha alumini. Tunasema tukaze kwanza kazi tunayoiweza: nyaya zetu zisokotwe hapa nchini na mikono ya wafanyakazi wetu, na alumini kuukuu irudi viwandani mwetu badala ya kupakiwa melini kama takataka.

Basi tunawaambia ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi, na wengine wote wanaosoma ukurasa huu: msiudharau waya wa alumini uliofungwa mlangoni kwenu. Umechaguliwa kwa sababu ni mwepesi na wa bei nafuu, na kwa hiyo unaweza kuwafikia watu wengi. Mradi mpya ukiletwa katika kijiji chenu, msiulize kama waya ni wa shaba. Ulizeni una eneo la milimita za mraba ngapi, na umepimwa kwa mahitaji ya miaka mingapi. Ulizeni viungio vya metali mbili vimeletwa vingapi, na waya wa ardhini umezikwa wapi na nani anautazama. Maswali hayo yaulizwe katika mkutano wa kijiji, mbele ya mkandarasi na mbele ya viongozi, kwa adabu na bila woga, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kiongozi atakayechukizwa na maswali hayo atakuwa amejitambulisha mwenyewe. Na yule atakayeyajibu kwa takwimu na kuwaonyesha wananchi waya wenyewe, huyo ndiye anayestahili kupewa kila msaada ili kazi yake ifike mpaka kitongoji cha mwisho.